Bakshishi Bila Karatasi

4 Mei

Kwako Mama unayesafisha ghorofa ya tatu,

Shikamoo.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa dawati moja ambaye karibu kila kitu changu anakijua. Nilikuwa nakuelewa. Kila neno. Siku ile uliponiinamia mlangoni pa bafu ukasema polepole, "Usijali mwanangu, shuka kazi yake ni kufuliwa," nilikukodolea macho, nikakujibu kwa lugha ya shuleni kwetu kwamba samahani, sielewi. Nilielewa. Hata ndoto naota kwa Kiswahili.

Labda hunikumbuki. Chumba 312, vitanda vitatu, wasichana wa mashindano ya hisabati. Kitanda changu kilikuwa cha dirishani. Mimi ndiye yule mwembamba mwenye miwani, ambaye ukimsalimu anaangalia viatu vyake.

Siku ya tatu niliamka nikakuta siku zangu zimekuja kabla ya wakati na shuka imeharibika. Wenzangu walikuwa wameshuka kunywa chai. Nikaivua shuka, nikalifuta godoro kwa taulo lenye maji, nikaitumbukiza shuka kwenye sinki, nikasugua kwa shampuu, na kadiri nilivyosugua doa ndivyo lilivyotanuka. Hapo ndipo ulipoingia na toroli lako. Hukushtuka. Ukaichukua shuka mikononi mwangu kama mtu anayepokea kikombe, ukaniambia hayo niliyoyataja, na mimi nikajifanya bubu. Kisha wenzangu wakarudi. Mmoja wao tunamwita Waziri, maana hata akiomba chumvi anahutubia. Akaona godoro limelowa, akauliza kulikoni. Ukamwambia, kwa lugha ile ile ya shuleni kwetu, "Ni mimi, dada, nimemwaga ndoo. Samahani sana." Waziri akaguna, akasema hoteli gani hii. Nawe ukaomba samahani mara ya pili.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Sikusema neno.

Sababu nimeitafuta wiki mbili nzima na ni hii: niliona haya kuonekana nina lugha moja na mtu aliyeshika ndoo. Nimeiandika sentensi hiyo bila kuifuta, maana ndiyo kweli yenyewe.

Baada ya siku ile nilianza kukutazama. Nilikuwa nasingizia kusahau kalamu ili nirudi chumbani ukiwa bado unafanya kazi. Pembe za shuka unazikunja kama bahasha, kisha unapitisha kiganja mara moja tu, na kitanda kinanyooka kana kwamba hakijawahi kulaliwa. Ukisafisha zulia unarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, ili hata nyayo zako usiziache. Vitabu vyangu ulivipanga bila kufunga ukurasa niliokuwa nimefungua. Mwalimu wetu anasema hesabu nzuri ni ile isiyo na hatua ya ziada. Mimi nilikuona wewe nikaelewa anachosema.

Sasa zile noti. Shuleni tulipewa kijitabu cha msafiri, na ndani yake kuna ukurasa mzima wa bakshishi. Mhudumu wa mezani, sehemu moja ya kumi. Mchukuzi, sarafu moja kwa kila begi. Kuna nchi ukiacha pesa mezani wanakukimbiza barabarani wakurudishie, maana umewatukana. Msafishaji wa chumba: tia kwenye bahasha, andika asante, weka juu ya meza. Waziri akauliza, "Kwani halipwi mshahara? Mimi nikipiga deki nyumbani, nani ananipa bahasha?" Mwalimu akamwambia, "Wewe hujawahi kupiga deki." Tukacheka mpaka dereva wa basi akageuka.

Ukurasa ule niliusoma mara mbili na haukunikaa moyoni. Bibi yangu akimpa mtu kitu, humtilia mfukoni wakati wa kuagana, huku anazungumza habari nyingine kabisa, mvua au bei ya sukari. Anasema hataki mtu alazimike kumtazama usoni na kushukuru. Basi asubuhi ya kuondoka nilikuta toroli lako kwenye korido, aproni imening'inia kwenye mpini, wewe umo chumba cha jirani unafyonza vumbi. Nikazikunja noti nne za kwetu zikawa ndogo kama kidonge, nikazitia mfukoni mwa aproni, nikakimbia.

Zilikuwa zangu. Nakuomba tu, tafadhali usimwambie mtu. Si habari ya shuka, si habari ya pesa. Nyumbani hawajui.

Jina lako sikuthubutu kulisoma kifuani, ndiyo maana juu ya bahasha nimeandika "Mama wa soksi za njano". Ukipenda kunijibu, tumia sanduku la shule, kwa mkutubi. Mkutubi wetu haulizi maswali.

Asante. Nilipaswa kuisema siku ile.

Msichana wa kitanda cha dirishani


27 Mei

Mwanangu wa kitanda cha dirishani,

Marahaba.

Barua yako imenifika kwa mkono wa mwenzangu wa chumba cha kufulia. Amekuja nayo mpaka nyumbani, anaipunga hewani tangu ngazini. "Mama Soksi, umepata mchumba anayeandika vizuri." Nikamwambia aniachie mchumba wangu, akafue taulo.

Kwanza, usiniite mama. Mama unaye, na anayeandika "shikamoo" kwenye karatasi amelelewa. Niite shangazi.

Pili, kwamba unanielewa nilijua. Siku ya pili uliimba bafuni. Ulikosea ubeti wa tatu, ukajikatiza, ukasema "aa, siyo hivyo," ukaurudia. Nilikuwa nje na taulo mkononi, nikasubiri umalize ndipo nigonge. Kwa hiyo uliponijibu kwa ile lugha nyingine nilijua kuna mlango umefungwa kwa ndani, na mlango wa chumba cha mgeni mimi sifungui bila kubisha hodi. Ni kazi yangu hiyo. Nami nikiwa na umri wako nilimpita baba yangu mzazi barabarani, ana gunia mgongoni, nikajifanya nasoma bango. Bango lenyewe lilikuwa la dawa ya minyoo. Basi tumelingana.

Umenisifia kitanda mpaka nimekwenda kukitazama changu. Nimekiona kibaya, nimekitandika upya. Miaka kumi na mmoja nimefanya kazi ile, vyumba kumi na vinne kwa siku, na hakuna aliyewahi kuniambia habari ya kurudi kinyumenyume. Wageni wanaona zulia, hawaoni kwamba halina nyayo. Nafikiri ndivyo inavyotakiwa. Hata hivyo nimefurahi.

Umeniandikia bakshishi kama ilivyo kitabuni, ngoja nikuambie ilivyo chumbani. Kuna anayeacha sarafu zilizomlemea mfukoni, kazimwaga tu kama maganda ya karanga. Kuna anayeacha nusu ya chokoleti, na alama za meno zipo. Mzee mmoja alinichorea kuku, chini akaandika kwamba kuku huyo ni mimi, na mpaka leo sijui kama ni sifa. Wenye masanduku mazuri huacha kidogo. Wenye kulia chumbani huacha zaidi, sijui kwa nini. Nami nina sharti langu: bahasha naiacha pale pale mezani mpaka nimalize kutandika na kusafisha bafu. Nikijua ni kubwa, mto nitaupiga mara mbili. Nikijua ni ndogo, nitaupiga mara moja. Sitaki mkono wangu ujue. Mwenzangu hunicheka, anasema ipo siku bahasha itakimbia. Nami namwambia, bahasha haina miguu, haraka ya nini.

Hukuandika hata kijikaratasi. Sikulaumu, nakueleza tu, maana utasafiri tena. Pale kwetu karatasi ndiyo inayoifanya pesa kuwa ya msafishaji. Pesa isiyo na neno la mgeni inahesabiwa kuwa imesahauliwa. Tunaipeleka ofisini, inatiwa kwenye mfuko wenye namba ya chumba. Lakini si kitu. Bibi yako amenipendeza, ningependa siku moja aniage.

Mimi niko nyumbani siku hizi, napumzisha mgongo. Huenda nikakaa mpaka mwezi wa saba. Ukiandika tena, anwani yangu ni hii niliyoiweka nyuma ya bahasha.

Siri yako nimeipokea. Na hukuniambia, mlishinda?

Shangazi wa soksi za njano


16 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hupumzishi mgongo.

Jana mwalimu wa hisabati aliniita ofisini. Alikuwa na barua ya hoteli na uso wa kunifurahisha. Akanisomea: kufuatia malalamiko ya mzazi, na kwa kuwa noti za nchi yetu zilipatikana katika aproni ya mfanyakazi wa ghorofa ile siku ile ile tuliyoondoka, mfanyakazi huyo amesimamishwa kazi mpaka shauri lisikilizwe. Mwalimu akasema, "Umeona? Mwizi amepatikana. Pesa ya mama yako itarudi."

Nikasema asante. Shangazi, nilisema asante, nikatoka, nikaenda kukaa nyuma ya maktaba mpaka kengele ilipolia mara mbili.

Mzazi aliyelalamika ni mama yangu. Aliyemwambia ni mimi. Hili sikuliandika katika barua ya kwanza. Nilijidanganya kwamba halikuhusu, kumbe ndilo lililokuwa linakuhusu kuliko yote.

Mama yangu ni fundi wa nguo. Kabla sijasafiri alinishonea kifuko kwa ndani ya kiuno cha sketi, akatia noti nne, akakifunga kwa uzi wa buluu. "Hii huigusi mpaka maji yafike shingoni." Asubuhi ile ya mwisho nilifumua mshono kwa meno. Kisha nikaufunga kwa uzi na sindano vya ile pakiti ndogo mnayoweka bafuni karibu na sabuni. Uzi wenyewe ni mweupe. Nilifikiri kwa ndani nani atauona.

Nilipofika nyumbani mama alichukua sketi kuifua. Hakuvaa hata miwani. Alipitisha kidole tu.

"Huu uzi si wangu. Nani kafungua hapa?"

Nikaendelea kupanga vitabu vyangu.

"Sketi uliivua chumbani?"

"Ndiyo."

"Mkaenda kula, mkaiacha?"

"Ndiyo."

"Nani anaingia mkiwa hampo?"

Akaweka sketi chini, akanishika bega, sauti imeshuka kabisa. "Mwanangu, si wewe ninayekugombeza. Ni hao wanaosafisha?"

Nami nikatikisa kichwa, juu na chini. Neno sikutamka hata moja. Nimejitetea kwa hilo muda mrefu, kwamba sikutamka.

Unaweza kuniuliza kwa nini sikumwambia tu kwamba nimempa mtu. Ningesema nimekupa, angeuliza kwa nini. Ningesema habari ya shuka, angeuliza kwa nini sikushukuru kwa mdomo kama watu. Hapo ningelazimika kusema nilijifanya sijui Kiswahili mbele ya mtu mzima aliyenisitiri. Mama ndiye aliyenifundisha kuamkia. Nilikuwa na miaka mitatu, ananishika kichwa, anakiinamisha. Kwake kuiba ni kubaya, lakini hilo langu sijui kama ana jina lake.

Shangazi, barua yangu ya kwanza unayo. Nimeeleza kila kitu mle, aproni, korido, noti nne. Ilikufika tangu Mei. Kwa nini hukuwaonyesha?

Waonyeshe.

Hatukushinda. Tulikuwa wa nne. Swali la mwisho nililijua na sikunyoosha mkono.

Msichana wa kitanda cha dirishani


3 Julai

Mwanangu,

Uliandika, "Tafadhali usimwambie mtu." Nimeusoma mstari huo mara nyingi nikitafuta mahali ulipoandika "isipokuwa". Sikupaona.

Nitakueleza yote sasa, maana umeshafungua. Kwenye mlango wa nyuma wa hoteli kuna mlinzi anayetupekua tukitoka. Ni kawaida, hatuoni ubaya, tunataniana naye. Siku mliyoondoka akatia mkono mfukoni mwa aproni yangu akatoa kitu kama kidonge. Akakikunjua.

"Na hizi?"

"Sijui."

"Mfuko wa nani?"

"Wangu."

"Na hujui?"

"Sijui."

Sijawahi kusema kweli ikanifanya nionekane mjinga namna ile. Wakazitia kwenye mfuko wa vitu vilivyosahauliwa, wakaandika jina langu pembeni. Lingeishia hapo. Baada ya wiki yakaja malalamiko ya mama yako, na kile kilichokuwa kimesahauliwa kikawa kimeibwa. Nikaambiwa nikae nyumbani bila mshahara.

Kwa hiyo barua yako ilipofika nilikuwa nimeshakaa nyumbani wiki tatu. Niliisoma nikacheka. Kisha nilikasirika, na sitakuficha, nilikasirika siku mbili nzima. Niliunguza chakula. Nikamwambia mwenzangu wa kufulia, "Kuna watu wanashukuru kama wanaotega bomu." Akauliza nani, nikasema hakuna. Siku ya tatu nikaisoma tena, nikaona kwamba hujui lolote lililotokea. Mtu anayesema kweli kwa mara ya kwanza maishani mwake, hapigwi kofi kwa ajili ya jambo asilolijua. Ndiyo maana nikakuandikia habari za mgongo. Mgongo wenyewe nao unauma, sikudanganya sana.

Ulipoandika "waonyeshe", nilikwenda. Nilivaa nguo ya heshima. Msimamizi wangu akatafuta mtu wa kumtafsiria, akasikiliza mpaka mwisho, na mtu yule ni muungwana, hakunikejeli. Akaniambia, "Barua hii haina jina. Haina sahihi. Imeandikwa kwa lugha yako mwenyewe. Nikiipeleka mbele, watasema umeiandika jikoni kwako." Angekuwa mwingine, mimi pia ningesema hivyo.

Shauri ni tarehe ishirini na nne. Kinachotakiwa ni barua ya aliyelalamika, yenye jina na sahihi, inayosema pesa haikuibwa. Bila hiyo nitaondoka na barua ya kuachishwa, na kwa barua ya namna hiyo hakuna hoteli mji huu itakayonipa ufunguo wa chumba.

Sikuombi, uelewe. Nimekuambia mlango ulipo, kuubisha ni wewe. Na hata usipoubisha sitakuwa adui yako. Nitakuwa mtu aliyekujua kidogo.

Lakini nataka ujue na hili. Nimeokota pesa za wasafiri miaka kumi na mmoja, na karibu zote ni pesa ambazo mwenyewe hatazikumbuka akifika uwanja wa ndege. Wewe ulifumua mshono wa mama yako kwa meno. Sijawahi kupewa kitu kama hicho. Siku mbili zile za hasira zilipoisha, ndicho nilichokuwa nakifikiria.

Na huyo mama anayejua uzi wake kwa ncha ya kidole, namheshimu. Tungekuwa mji mmoja ningempelekea foronya zangu.

Shangazi wako


18 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana, na leo ni Jumamosi, saa kumi alasiri, na mimi niko mezani chumbani kwetu. Naandika haraka. Hii utaipata baada ya shauri kwisha, najua, lakini nataka iandikwe kabla sijajua litakavyokuwa.

Mezani kuna karatasi mbili. Moja ni hii yako. Nyingine nimeiandika kwa lugha ya shuleni, kwa msimamizi wako. Nimeweka majina yangu yote matatu, darasa langu, namba ya chumba na namba ya kitanda. Nimeeleza aproni na korido. Nimeeleza uzi mweupe, nimeubandika kipande chake chini ya karatasi kwa gundi, maana nimeona wanapenda vitu vya kushika. Shuka pia nimeiandika. Sikuona namna ya kueleza kwa nini nilikupa bila kueleza ulichonifanyia, na ulichonifanyia nataka kiandikwe mahali ambapo wakubwa wako watakisoma. Nimeandika kwamba uliomba samahani mara mbili kwa kosa ambalo halikuwa lako.

Mwalimu nilimwambia jana hiyo hiyo. Nilianza mara tatu. Alikuwa anasahihisha madaftari, akaiweka kalamu chini, na mara ya tatu nikafika mwisho. Hakunigombeza. Aliyafunga madaftari, kisha akasema, "Mimi nilimwita mwizi." Akasema niilete karatasi ikiwa na sahihi ya mama, hata kesho Jumapili nimpelekee kwake, ataituma saa ile ile kwa kompyuta na itafika kabla hajamaliza chai. Waziri alikuwepo, ameleta madaftari ya darasa. Alisikia yote. Nikangoja hotuba. Akanifuata mpaka kwenye ngazi, akasema kwa Kiswahili, tena kizuri tu, "Mimi pia sikumsalimu hata siku moja." Akaenda zake.

Imebaki sahihi. Mama yangu yuko chumba cha mbele anashona, nasikia cherehani. Nilifikiri nitaiweka karatasi karibu na mkasi wake niondoke, aisome mwenyewe. Halafu nikakumbuka kwamba lugha hii mama haisomi. Alinipeleka shule ili niisome mimi. Na mama hawezi kutia sahihi kwenye kitu asichokielewa. Hata risiti ya vifungo anaomba asomewe. Kwa hiyo itabidi nimsomee. Kwa mdomo, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, yeye ananitazama. Nimejaribu peke yangu nikiangalia ukuta. Nimefika mpaka "nilijifanya sielewi" na hapo nimekwama mara nne.

Wiki zote hizi nimekuwa nikikuandikia nikiwa na kitabu cha jiografia karibu, nikisikia mtu nafunika. Nilipokuwa naandika ile ya pili, mama alichungulia.

"Unaandika nini kila siku?"

"Hesabu."

"Hesabu gani hizo zenye maneno marefu?"

"Za mafumbo."

"Haya, ukilifumbua uniambie."

Alikuwa anatania. Alikuwa na pini tatu mdomoni na bado anatania. Shangazi, simwogopi kwamba atanipiga, hajawahi. Naogopa atakavyonyamaza. Yeye akikata kitambaa vibaya huwa hasemi kitu, anakishika tu mapajani na kukitazama, na mimi naweza kuwa kitambaa hicho leo.

Lakini wewe ulisimama mbele ya msimamizi umevaa nguo ya heshima, na mkononi una barua isiyo na jina. Nimelifikiria hilo tangu jana. Uliingia ukijua wanaweza kukucheka, ukaitoa. Mimi nina kitu chenye jina, na nyumba ni ya kwetu, na anayenisikiliza ananipenda.

Cherehani imenyamaza. Nadhani uzi umekatika. Hapana, anasukuma kiti.

Anakuja. Nasikia malapa yake kwenye saruji, ana mwendo wa mtu anayekuja kuniuliza kama nitakunywa chai. Kitabu cha jiografia kiko hapa kushoto, mkono umekwenda wenyewe mpaka kwenye jalada.

Nimeuondoa. Karatasi zote mbili ziko wazi mezani, hii na ile, na ile nimeigeuza ielekee mlangoni ili nikiisoma aone kidole changu kiko mstari gani. Ameshika kitasa. Naweka kalamu chini nianze.